Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Majilio Ndani ya Nyumba Zetu

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wazazi wa parokia yake, Dar es Salaam, baada ya Misa ya Dominika ya Kristo Mfalme

Tumsifu Yesu Kristo!

Sauti zimelegea, najua ni njaa. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, hapo nimesikia watu.

Baba Paroko, katekista wetu, viongozi wa Jumuiya, mama zangu wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, akina baba mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, na ninyi watoto wa Utoto Mtakatifu mliokaa chini hapa mbele: asanteni kwa kubaki. Nimepewa nusu saa. Mwalimu ukimpa nusu saa atachukua dakika arobaini, hilo mnalijua, lakini nitajitahidi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, jioni ya Dominika ya kwanza ya Majilio, zile Dominika nne za kuingoja Noeli, niliwakusanya wajukuu mezani. Nikazima taa, nikawasha mshumaa mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kweli, somo la Isaya mkononi, miwani imekaa puani. Yule mdogo kabisa, wakati ule ana miaka minne, akapaza sauti: "Bibi, umeme umekatika!" Kaka yake akakimbilia simu awashe tochi. Dada yao akaenda dirishani kuchungulia kama kwa jirani nako kumezimika. Isaya wangu akaishia hapo.

Usiku nikiwa kitandani nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Wale watoto hawakukosea. Nyumbani kwangu mshumaa haukuwa na maana nyingine. Huwashwa jambo likiharibika, huzimwa kwa vigelegele umeme ukirudi. Nani aliwahi kuwaonyesha kwamba watu wanaweza kukaa gizani kwa hiari yao, wakawasha taa moja ndogo, wakangoja? Hakuna. Na Majilio ndiyo hayo. Basi habari ya liturujia namwachia Baba Paroko. Mimi nataka tuzungumze namna nyumba ya kawaida, yenye vyumba viwili na televisheni moja, inavyoweza kungoja bila watu kuchoshana.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi huutumia msemo huu mgeni akishaketi, kuku akishachinjwa na watoto wanagombea paja. Lakini usikilizeni tena. Unasema "njoo". Anayeitwa bado yuko njiani, na mgonjwa ni mwenye nyumba. Kitabu cha Ufunuo kinapokaribia kufunga kinasema neno hilohilo, "njoo, Bwana Yesu". Kila nitakachowaambia leo ni namna ya kulitamka neno hilo kwa mikono, maana watoto wetu, na tuseme kweli, hata sisi wenyewe, kwa mdomo tu hatudumu.

Kungoja kumekuwa kazi ngumu. Novemba haijaisha, Kariakoo miti ya plastiki inaning'inia, redio zinapiga nyimbo za Noeli. Ikifika tarehe 25 mtoto ameshazichoka, na tarehe 26 mti uko uvunguni. Kanisani sisi tunafanya kinyume. Kuanzia Dominika ijayo hamtausikia ule "Utukufu kwa Mungu juu" Dominika zote za Majilio, mpaka usiku wa Noeli. Waulizeni watoto njiani mkirudi nyumbani: leo katika Misa kimekosekana nini? Anayetambua apewe kitu. Mtoto anayejua kilichokosekana atajua kilichorudi.

Kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni chaki. Ujerumani, karne ya 19, familia zilichora mistari 24 ya chaki mlangoni, na kila siku ya Desemba mtoto akafuta mmoja. Kalenda zile za vidirisha mnazoziona supamaketi zimetokana na desturi za namna hiyo. Zile zenye chokoleti sikushaurini. Kwa joto letu la Desemba, ikifika tarehe kumi chokoleti imeshakuwa uji. Chaki haiyeyuki. Kama mmepanga na mwenye nyumba ni mkali, choreni upande wa ndani wa mlango.

Sasa taji. Wengine huliita shada la Majilio.

Kuna mtu aliwahi kuniambia taji ni mambo ya Wazungu, sisi halituhusu. Kwamba limetoka kwa Wazungu ni kweli, lakini sikieni lilivyoanza. Mwaka 1833, Mlutheri mmoja wa Hamburg aitwaye Johann Hinrich Wichern alifungua nyumba ya kulea watoto wa maskini na walioachwa bila malezi. Kila ikikaribia Noeli watoto wakamchosha kwa swali moja: bado siku ngapi? Mwaka 1839 akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu ya siku za kazi na mikubwa minne myeupe ya Jumapili. Kila jioni ukawashwa mmoja zaidi. Watoto wakaacha kuuliza, wakawa wanahesabu wenyewe. Kwetu Wakatoliki desturi hii iliingia karne ya 20, ikabaki mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Kwa hiyo aliyeleta taji alikuwa mtu mwenye gurudumu bovu na watoto wengi wasumbufu. Nikiangalia ukumbi huu, naona ndugu zake.

Wao wanatumia matawi ya misonobari kwa sababu Desemba kwao ni baridi kali, giza linaingia alasiri, miti imepukutika, na kilichobaki kijani ni msonobari. Kwetu Desemba vuli imenyesha, kila kitu ni kijani, miembe imeinama kwa matunda, mikrismasi barabarani imewaka maua mekundu kama moto. Tukanunue msonobari wa plastiki wa nini?

Mama zangu, mnaijua ngata. Ile ya kubebea ndoo: ya kanga ukiwa na haraka, ya majani makavu ya mgomba ukitaka idumu. Sokota ngata kubwa, upana wa sinia, hilo ndilo taji. Na nitawaambia kwa nini naipenda kuliko gurudumu la Bwana Wichern. Ngata huvaliwa kabla ya mzigo. Ukimwona mwanamke anasokota ngata unajua kuna kitu kinakuja kubebwa, hata kama ndoo bado iko kisimani. Mara ya kwanza nilipowaambia wajukuu hivyo, yule wa kike akaniuliza kama Bikira Maria naye alikuwa na ngata. Nikamjibu ndoo alibeba bila shaka, ngata sina uhakika.

Mishumaa nendeni dukani kwa Mangi hapo mtaani, ile myeupe ya kawaida. Kata vipande vya kitenge cha zambarau, funga mitatu kwa chini. Uliobaki ufunge kitambaa cha waridi. Ila majani makavu na moto ni maadui, kwa hiyo mishumaa isichomekwe kwenye ngata. Weka mchanga mbichi kwenye vikopo vinne, simamisha mishumaa humo, vikopo vikae ndani ya duara, na vyote juu ya sinia la bati. Meza isogee mbali na pazia. Nyumba zetu nyingi neti ya mbu iko hatua moja kutoka mezani, ifungeni kwanza. Na mshumaa usiachwe unawaka watu wakienda kulala. Hapa sifanyi mzaha.

Juu ya ngata wekeni majani mabichi. Mimi huweka masale, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Sisi tuliotoka Kilimanjaro tumekua tukiyaona masale kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo. Jani lake halipukutiki ovyo, mvua ije isije. Na lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu kosa la kuvunja undugu, maneno yamegoma, unampelekea jani la isale. Aliyeletewa isale hapaswi kukataa. Anaweza kunung'unika, anaweza kukukumbusha ulichofanya tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mwishoni anasamehe. Wazee wetu walikuwa na jani hilo kabla hatujaona kiti cha maungamo.

Dominika ya pili ya Majilio, kila mwaka, Injili inamleta Yohane Mbatizaji na lile neno lake la tubuni. Jioni ya siku hiyo kwangu, mshumaa wa pili ukishawaka, tunakaa kimya. Mwenye la moyoni anachomoa jani kwenye taji, anampa aliyemkosea. Hakuna hotuba, hakuna kuulizana. Watoto hupeana majani kwa mambo yao ya penseli na kurushiana maneno, wakati mwingine yanatoka majani matano kwa dakika moja na kicheko juu. Sawa tu. Ila mwaka juzi mwanangu wa kwanza, mtu mzima mwenye mvi zake, alinyanyuka akachomoa jani akaja nalo kwangu. Kwa nini, sitawaambia. Wajukuu walinyamaza wote, na yule aliyedhani umeme umekatika akawa ananiangalia mikono.

Usiogope kama taji linabaki na mapengo. Linatakiwa libaki na mapengo.

Tukija Dominika ya tatu, hiyo ni ya furaha. Padre huweza kuvaa rangi ya waridi, na ninyi mnawasha ule mshumaa wenye kitambaa cha waridi. Kwangu siku hiyo tunapika kashata za nazi na za karanga, watoto wanazikata, na zinatoka nje ya geti kabla sisi hatujala. Za kwanza zinakwenda kwa majirani zetu Waislamu. Hawa wametuletea sahani Idi mpaka Idi, na habari ya kungoja wanaijua kuliko sisi. Mtu aliyefunga mwezi mzima akautafuta mwezi mwandamo angani hahitaji kufundishwa Majilio ni nini. Siku moja jirani yangu mama wa Kiislamu alipokea sahani, akawaambia wajukuu wangu mlangoni kwamba katika Kurani iko sura nzima yenye jina la Mariamu, na humo uchungu wa uzazi unamkuta kwenye shina la mtende. Watoto walirudi mbio kuniuliza kama Luka ameandika habari ya mtende. Hakuandika. Wala punda hakumwandika, kama hamjui, someni wenyewe sura ya pili muone. Tangu siku ile wanasoma Injili wakiwa na macho ya polisi.

Na mkitaka kusoma, msiwalemee. Sura ya kwanza ya Luka ina mistari 80. Someni mitatu kwa siku, minne siku nyingine, mtoto ajifunze kukatia hadithi mahali pabaya. Zakaria amepigwa ububu hekaluni, watu wako nje wanashangaa amechelewa, funga kitabu, nendeni mkalale. Tamthilia za televisheni zinatuweza kwa ujanja huohuo.

Nikolasi Mtakatifu, tarehe 6 Desemba, nimpitie haraka. Alikuwa askofu wa mji wa Myra, katika nchi inayoitwa Uturuki leo, karne ya 4. Masimulizi yanasema aliwarushia dhahabu usiku mabinti watatu wa baba fukara ili waweze kuolewa. Kwao kule baba wa binti ndiye aliyetoa mali, akina baba wa hapa mshukuru mlikozaliwa. Huko Ulaya watoto huacha viatu mlangoni vikajazwa zawadi. Tulijaribu kwa kandambili na karanga. Asubuhi sisimizi walikuwa wameshasherehekea Nikolasi kabla yetu. Sasa tunatumia embe.

Kibubu. Kila nyumba itafute kibubu, cha udongo au kopo la maziwa lililotobolewa, kikae kando ya taji. Kila siku nyumba ijinyime kitu kimoja kidogo: soda, vocha ya ziada, chipsi za jioni. Kilichookolewa kinatumbukia, hata kama ni shilingi mia. Tarehe 24 kinavunjwa mbele ya watoto, wao wahesabu, wao waseme kiende wapi. Kwangu walichagua mama mmoja wa mtaa wetu aliyefiwa na mume mwaka uleule. Wakabeba wenyewe mchele, sukari na mafuta. Niliweka sharti moja, simu zibaki nyumbani. Siku hizi mtu akimpa mwenzake kilo mbili za unga lazima picha ipigwe, mpokeaji ashikishwe mfuko akitazama kamera. Mama wa watu ana msiba, hakuomba kuonekana.

Pango nalo lisiwekwe lote siku moja. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Italia, Fransisko wa Asizi aliomba aandaliwe hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, Misa ya usiku wa Noeli ikaadhimishwa hapo. Alianza na hori na wanyama tu. Nanyi anzeni na hori. Boksi la viatu linatosha. Mtoto akitenda jambo jema bila kutumwa na bila kutangaza, anachukua unyasi mmoja anauweka ndani, ili Mtoto akija alale pazuri. Ugumu uko kwenye "bila kutangaza", maana mjukuu wangu mmoja alikuwa anakuja jikoni kuniarifu: "Bibi, nimefanya jambo la siri." Sanamu watoto wafinyange wenyewe, vuli hii udongo umejaa uani. Vinyago vya mpingo pale Mwenge ni vizuri sana, sikatai, lakini mwanakondoo mwenye miguu mitano aliyefinyangwa na mwanao huwezi kumnunua popote.

Sasa nifike kwenye siku ninazozipenda mimi, kuanzia tarehe 17 Desemba. Mpaka tarehe 16 Kanisa linatazama zaidi kurudi kwa Bwana siku ya mwisho. Tarehe 17 linageuka, linaelekea Bethlehemu moja kwa moja. Na Injili ya siku hiyo ni ile ambayo wasomaji wote huikimbia: ukoo wa Yesu, Matayo sura ya kwanza. Abrahamu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo, vizazi kumi na vinne mara tatu. Kanisani watu husinzia. Nyumbani ninawaomba msisinzie, kwa sababu hiyo ndiyo Injili ya Kiafrika kuliko zote. Inaanza kama mzee wa kwetu anavyoanza: wewe ni mwana wa nani?

Jioni hiyo pigeni simu kijijini. Weka spika, mtoto amuulize babu: baba yako aliitwa nani? Na baba yake? Na mama yake alitoka ukoo gani? Waandike kwenye karatasi moja majina ya kwenu, kwenye nyingine majina ya Matayo. Wakikwama jina la nne, kama tulivyokwama sisi, mtajua mmepoteza nini. Na wakiuliza mbona kwa Matayo wanawake ni wachache, waonyesheni waliomo: Tamari, Rahabu, Ruthu, yule aliyekuwa mke wa Uria, halafu Mariamu. Wakubwa wasome habari zao kwenye Biblia. Ukoo wa Bwana una mambo, hakuna familia hapa ndani itakayojiona imechafuka peke yake.

Wenzetu wa nchi nyingine hutengeneza mti wa Yese, kutokana na Isaya 11, chipukizi linalotoka katika shina la Yese, baba wa Mfalme Daudi. Huchora mti na kuutundikia picha. Mimi nilipokuwa mtoto nilishindwa kuelewa shina lililokatwa linachipuaje, mpaka bibi yangu aliponionyesha mgombani. Mgomba ukishazaa unakatwa. Unabaki kisiki kinachotoa maji, kibaya, unaweza kudhani kimekufa. Rudi baada ya muda, pembeni kuna toto limesimama. Mwenye mgomba uani amwonyeshe mtoto. Asiye nao amwombe jirani.

Halafu kuna vitendawili. Tangu tarehe 17 hadi 23, katika masifu ya jioni Kanisa linamwita Bwana kwa majina saba, moja kila siku: Ewe Hekima, Ewe Adonai, Ewe Chipukizi la Yese, Ewe Ufunguo wa Daudi, Ewe Mapambazuko, Ewe Mfalme wa Mataifa, Ewe Emanueli. Kila moja linamalizia na lile neno letu, njoo. Sasa mtu akiketi akawaeleza watoto majina saba ya kitaalimungu, watalala. Lakini kila mtoto wa Kiswahili anajua la kujibu ukisema: Kitendawili!

(Watoto: Tega!)

Mnaona? Mali ukigawa haipungui.

(Mtoto mmoja: Akili!)

Karibu kabisa. Hekima, hiyo ni ya tarehe 17. Haya, hii: Mama kakatwa, mwana anacheka shinani.

(Kimya.)

Na mgomba nimetoka kuutaja sasa hivi! Chipukizi, tarehe 19. Nyingine: Nikifunga hakuna wa kufungua, nikifungua hakuna wa kufunga. Huo ni ufunguo wa Daudi, uko Isaya 22, na siku hiyo wekeni ufunguo wa mlango wenu juu ya sinia, kati ya mishumaa. Nyingine: Huja kila siku bila hodi, nyumba nzima ikaamka. Mapambazuko. Zilizobaki tungeni wenyewe, na watoto watunge. Zao zina makosa mengi na ni tamu kuliko zangu.

Mnakumbuka aliyeshindwa hutoa mji. Nipe mji! Nakupa Dodoma, nakupa Tabora. Sisi tumeongeza kanuni: mji ukishatolewa hautolewi tena mpaka Noeli. Watoto wanamaliza Tanzania, wanaingia Kenya, wanaingia Kongo. Ikifika tarehe 23, jina la Emanueli, mji unaoruhusiwa ni mmoja tu, na wote wanaujua, na wote wanataka kushindwa ili waupate.

Nyongeza kwa wanaopenda mafumbo: yale majina saba kwa Kilatini, ukichukua herufi za mwanzo ukazisoma kuanzia la mwisho, zinatoa maneno ERO CRAS, yaani "kesho nitakuwepo". Mwambieni mtoto wa sekondari ajaribu mwenyewe, atanyamaza robo saa nzima.

Wengi wetu wakati huo tutakuwa safarini. Najua utani wenu, kila Desemba mnatuambia Wachagga tunakwenda kuhesabiwa. Utani mzuri, maana Yosefu naye alipanda Bethlehemu kwa sababu hiyohiyo, kwenda kuhesabiwa kwenye mji wa ukoo wake, na mkewe mjamzito. Basi ndani ya basi, kilomita zaidi ya 500 mpaka Moshi, foleni ya Chalinze, watoto wameshaanza kuuliza tumefika, tumieni nafasi hiyo. Waulizeni: Yosefu na Mariamu walilala wapi njiani? Walikula nini? Nani alibeba mzigo? Luka hakusema, kwa hiyo kila jibu linaruhusiwa. Taji libaki Dar, beba mshumaa mmoja tu na kitambaa chake, Dominika ya nne uwashwe kwa babu. Wazee kule watafurahi, na pengine watakupa jina la nne la ukoo mlilolikosa kwenye simu.

Wanaobaki mjini, nina ombi moja kwa Jumuiya zetu. Meksiko kuna desturi iitwayo Las Posadas, tarehe 16 hadi 24 Desemba. Watu wanapita nyumba hadi nyumba wakiwa Maria na Yosefu, wanaomba malazi, wanakataliwa, mpaka nyumba ya mwisho inafungua. Sisi tuna hodi. Tumelelewa kwamba hodi hujibiwa karibu, hata kama chungu ni kitupu. Mwaka jana, Jumuiya yetu, tuliwaacha watoto wawili wapige hodi kwenye milango minne, na walio ndani wakapangiwa kujibu "hakuna nafasi". Baba mmoja alishindwa. Alikuwa amekaririshwa kabisa, lakini mtoto aliposema hodi mara ya pili, akafungua mlango, akasema karibuni wanangu. Tukamwambia umeharibu igizo. Akasema hawezi, mdomo umekataa. Tukaishia kunywa chai kwake, na milango miwili hatukuifikia.

Naona Baba Paroko anatazama saa. Moja tu: msijaribu yote. Nyumbani kwangu hatujawahi kumaliza hata nusu. Kuna mwaka tulikuwa na msiba, tukawasha mshumaa wa kwanza na wa nne basi. Chagueni mawili, na lile la kwanza mlianze Dominika ijayo, jioni, kabla ya taarifa ya habari.

Pale nje chini ya mwembe nimeacha ndoo mbili za majani makavu ya mgomba na vipande vya kitenge. Mama wanaojua kusokota ngata wakae upande wa kulia, wasiojua upande wa kushoto, akina baba mtashika kamba. Masale yamo kwenye gunia la kijani, msiyakanyage. Na wewe mwanangu uliyesema "akili", njoo hapa mbele, nina embe lako.

Tumsifu Yesu Kristo.